Fundi Sauti Aliyesema Alisahau

Basi lilinishusha upande wa mji nisiotakiwa kushukia. Kondakta alisema ukumbi wa baraza uko "hapo tu mbele", na kwa kuwa nimeshazunguka miji mingi na kujua "hapo tu" ya kila mtu ina urefu wake, nilikaza kamba za viatu, nikatupia begi begani nikaanza kutembea. Sikuwa nimewahi kukanyaga mji ule. Nilichokuwa nacho ni barua ya mwaliko iliyoandikwa miezi mitatu nyuma: baraza la mji linaniomba nitoe mhadhara kuhusu maadili katika uongozi, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri. Barua ilisema nitapokewa kituoni. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, na hakuna aliyekuja kunipokea.

Sababu niliikuta kwenye geti la ukumbi. Mlinzi alikuwa amewakusanya watu watatu na kuwasikilizisha kitu kwenye simu yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, kama ya mtu anayemnong'oneza jirani yake kitini. "Mwacheni aongee. Tulishasaini jana." Kisha kicheko kifupi cha puani. Mlinzi akairudia. Wale watu wakatikisa vichwa.

"Mgeni, umeshaisikia hii?" aliniuliza.

"Ni nani huyo?"

"Mwenyekiti wetu! Wewe unatoka sayari gani? Ingia ndani umuulize mwenye mashine. Ila usimwambie nimekutuma mimi, ataninyima chai."

Habari yenyewe, kama nilivyoikusanya kabla ya kuvuka ua, ilikuwa fupi. Ijumaa iliyopita baraza liliwaita wananchi watoe maoni: zahanati ya mtaa wa chini ifungwe, wagonjwa wahamie hospitali kubwa ng'ambo ya reli, au ibaki? Watu walijaa. Mwenyekiti alifungua kikao, akasema baraza limekuja kusikiliza kwa moyo mweupe, akaketi. Mwananchi wa kwanza hajafungua kinywa, ukumbi mzima ukasikia, kutoka spika za darini, kwamba karatasi ya kuifunga zahanati ilishasainiwa siku iliyotangulia.

Ndani ya ukumbi mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti sakafuni akikunja waya. Hakuukunja kwenye kiwiko kama wafanyavyo wengi. Aliulaza kwa mizunguko mikubwa, mmoja juu, mmoja chini, kana kwamba anamlaza mtoto.

"Ukiuzungushia kiwikoni unavunjika ndani kwa ndani," alisema bila kuinua kichwa. "Nje unaona mzima, kumbe umekufa siku nyingi. Wewe ndiye wa maadili?"

"Ndiye."

"Umechagua wiki."

"Walinichagulia."

"Haya, panda pale useme kitu, nikupime sauti."

"Niseme nini?"

"Chochote. Wanasiasa husema moja, mbili, tatu. Hapo ndipo huwa nawasikia wakisema jambo la uhakika."

Nikapanda, nikahesabu mpaka tano. Akaniambia nirudi nyuma kidogo, kiganja kimoja kati ya mdomo na maiki, basi, inatosha, huna haja ya kuimeza.

Mtaani walimwita Mama Sauti, jina la utani la kumcheka, maana yeye mwenyewe alisema chinichini hadi ukalazimika kumsogelea. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alianza akiwa msichana, akimbebea mjomba wake betri na spika mbili za bati kwenda kwenye harusi za watu, na mjomba alipougua, yeye ndiye aliyejua waya upi unaingia wapi. Baraza lilimwajiri miaka ishirini na sita iliyopita. Tangu hapo alikuwa amewasikia wenyeviti watano wakikohoa, na alidai anaweza kumtambua kila mmoja kwa kikohozi.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya ukumbi, chumba cha kioo chenye kiti kimoja na mto mdogo wa kukalia aliotoka nao nyumbani. Mashine ilikuwa na safu ya vishikio vidogo vya kusukuma juu na chini, na chini ya vile sita vya kwanza alibandika plasta nyeupe ya kufungia vidonda, zawadi ya wauguzi wa zahanati, akaandika kwa kalamu: moja, Mwenyekiti, mbili, Makamu, tatu, Katibu, hivyo hadi sita, Wananchi. Juu ya vyote alikuwa amepiga mstari mmoja wa penseli.

"Kila mtu anafika hapa," alisema akigusa mstari. "Mwenye sauti nene namshusha, mwenye nyembamba nampandisha, mpaka masikioni mwa aliyekaa kiti cha nyuma wawe sawa."

"Na wanakubali?"

Akacheka kidogo. "Mwenyekiti wa tatu hakukubali. Alitaka asikike juu ya wengine. Nikamwambia sawa, mheshimiwa, nikasukuma kishikio cha kumi na mbili, ambacho hakijaunganishwa na kitu. Akasema maneno mawili, akaniuliza, 'Umesikia tofauti?' Nikamwambia nimesikia. Akafurahi mpaka muda wake ukaisha."

"Huo si ulikuwa uongo?"

"Ulikuwa uongo," alisema, na hakuonekana kuupamba. "Lakini ulikuwa wa mdomo. Huu wanaoutaka sasa una mahali pa kuweka sahihi."

Nilidhani nitalazimika kuuliza anamaanisha nini, lakini jibu lilikuja kwa miguu yake. Katibu wa baraza aliingia, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akaniomba radhi kwa kuniacha kituoni, kisha akamgeukia fundi na karatasi.

"Dada yangu, ni sentensi mbili tu. Nimeziandika mwenyewe ili usisumbuke."

Fundi akanipa nisome. Ya kwanza ilisema kwamba siku ya Ijumaa mashine ilipata hitilafu na kuingiza sauti kutoka mahali pasipojulikana. Ya pili ilisema kwamba yeye, fundi wa sauti, hawezi kuthibitisha maneno yale yalisemwa na nani. Kamati ingekaa Alhamisi asubuhi kusikiliza maelezo yake.

"Mashine haina hitilafu," alisema fundi.

"Mashine haiwezi kufukuzwa kazi, dada. Wewe unaweza. Nakuhurumia wewe."

Na kweli alimhurumia. Hilo ndilo lililoniumiza kichwa jioni nzima. Sikuona uso wa mtu mbaya. Niliona uso wa mtu ambaye kwa miaka mingi amewaokoa wenzake kwa sentensi mbilimbili.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe ni mtu wa mambo haya. Hebu msaidie aelewe."

Nikasema kitu kuhusu uzito wa jambo lenyewe na haja ya kulitazama pande zote. Ni sentensi ninayoitumia nikiwa sina la kusema. Naijua kwa lugha nne, na katika zote huwa inasikika vizuri. Fundi alinitazama kama anavyoutazama waya mzima kwa nje.

Katibu alipoondoka, nilimuuliza ilikuwaje hasa.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi: mtu akiketi, maiki yake inafungwa. Hafungi mtu akiwa amesimama hata akiropoka, na hamwachi wazi akiisha kukaa, maana anayekaa amerudi kuwa mtu wa kawaida na ana haki ya kunong'ona. Ijumaa mwenyekiti aliketi. Mkono wa fundi ulikuwa unakwenda kwenye namba moja. Hapo akamwona bibi mmoja, mwananchi wa kwanza kwenye orodha, amefika mbele ya maiki namba sita na maiki inamfika kwenye paji la uso. Stendi ya maiki ile ina skrubu iliyolika. Ukiizungusha kama stendi nyingine haitii. Lazima uisukume juu kwanza, ndipo uizungushe kinyume. Hakuna mwingine aliyeijua hila hiyo. Bibi alikuwa ameanza kusimama kwa ncha za vidole. Basi fundi akatoka kwenye kibanda.

"Na namba moja?"

"Nilisahau. Niliona bibi, nikasahau. Ni hatua ishirini na tatu mpaka pale, nimezihesabu baadaye. Kwenye ya kumi hivi ndipo nikamsikia juu ya kichwa changu: mwacheni aongee."

"Ukarudi?"

"Sikurudi. Nilikwenda nikashusha stendi. Bibi akaniuliza, 'Mwanangu, bado niseme?'"

Alifuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye mashine.

"Nikamwambia, sema, bibi. Akasema dakika saba. Yote aliyotoka nayo nyumbani. Mguu wake, mjukuu wake, reli wanavyoivuka na machela. Watu walikuwa wanapiga kelele, lakini alipoanza wakanyamaza. Ndipo nikarudi kufunga namba moja."

Kesho yake alinialika kwake, kwa sababu nyumba ya wageni niliyopangiwa haikuwa na maji na alisema mtu hawezi kuzungumzia maadili akiwa hajaoga. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa saluni ya binti yake. Nilikuta mteja mmoja chini ya mikono ya binti, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, na kwenye kiti cha pili rundo la fulana nyeupe zilizochapwa kifuani: MAMA SAUTI HAKUNYAMAZA.

"Shikamoo, mwalimu," alisema binti. "Karibu. Mwambie mama yangu huyu, labda wewe atakusikia."

"Marahaba. Nimwambie nini?"

"Aseme alikusudia! Mji mzima unajua alikusudia. Ameachia maiki wazi ili watu wasikie. Watu elfu arobaini wamemsifu mtandaoni, wengine nchi za mbali huko, yeye anang'ang'ania alisahau."

"Wamemsifu mtu mwingine," alisema mama yake, akimimina maji ya moto kwenye beseni langu. "Mimi hawanijui."

"Mama, sikiliza. Ukisema ulisahau, huo ni uzembe kazini, watakufukuza na hakuna atakayelia. Ukisema ulikusudia, wataogopa kukugusa. Tutajaa pale nje na fulana."

"Shangazi," alidakia mteja, "mume wangu husahau kila kitu, hata siku niliyozaa, na hakuna aliyemchapishia fulana. Chukua bahati yako."

Wakacheka wote, na fundi akacheka nao. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kiti chenye fulana, bila kuziondoa.

"Mwanangu, kesho nikisema nilikusudia, kuanzia keshokutwa kila atakayesimama mbele ya maiki zangu atajua nyuma ya kioo kuna mwanamke anayechagua wa kuanikwa. Leo nimemwanika mwenyekiti, mmefurahi. Nikimwanika yule bibi je? Aliposogea alimnong'oneza Mungu wake amwondolee woga. Ombi hilo nililisikia kwenye hedifoni nilipokuwa bado nimekaa. Niliache litoke?"

Binti akaacha kusuka. "Lakini mwenyekiti si alisema kweli?"

"Alisema. Hilo nitaliandika."

"Basi utaandika uliyoyasikia, na kwamba ulisahau. Utawaudhi wa juu na wa chini kwa karatasi moja."

"Karatasi yenyewe ni ndogo," alisema mama yake.

Mteja akaomba amaliziwe kichwa, siasa haisuki.

Nikiwa naoga kwa maji ya beseni lile nilifikiri juu ya neno kukusudia. Nimeishi katika miji ambako mtu husamehewa akisema hakukusudia, na sasa naona zaidi na zaidi miji ambako kutokukusudia ndiko kunakokera. Tunataka kila tendo liwe na uso wa kuchapa kifuani. Aliyesahau hatufai kwa lolote. Hatuwezi kumpenda wala kumchukia vizuri. Katibu alitaka kuondoa mtu kwenye habari, ibaki mashine peke yake. Binti alitaka kuongeza mtu, mkubwa kuliko aliyekuwepo. Na wote wawili walifanya hivyo kwa kumpenda mwanamke yule, jambo ambalo mhadhara wangu, kurasa kumi na moja nilizozibeba kupitia nchi mbili, haukuwa umelifikiria. Niliandika kuhusu viongozi wanaodanganya kwa tamaa. Sikuandika hata mstari mmoja kuhusu watu wema wanaokuletea uongo kama wanavyoleta shuka kwa mgonjwa.

Kulikuwa na jambo lingine, na hilo nilimwambia nilipotoka.

"Kuna kitu ulikikusudia siku ile," nilisema.

"Kipi?"

"Stendi. Bibi asikike."

Alifikiri. "Hilo ndiyo," alisema. "Lakini hakuna anayeniuliza hilo."

Alhamisi saa tatu asubuhi kamati ilikaa kwenye chumba kidogo kando ya ukumbi. Sikuruhusiwa kuingia, nikakaa kwenye benchi la ukumbini na binti, ambaye hakuvaa fulana wala hakuleta watu. Alikuwa ameshika moja mapajani, imekunjwa. Mlango ulikuwa mwembamba. Tulisikia katibu akiomba maelezo, kisha sauti ile ya chini ikisoma, na kwa mara ya kwanza nilitamani kuwe na mtu wa kuipandisha hadi kwenye mstari.

Alisoma mistari minne. Kwamba Ijumaa alitoka kibandani kwenda kushusha stendi ya maiki namba sita. Kwamba alisahau kufunga namba moja, na kosa hilo ni lake. Kwamba mashine ilikuwa nzima. Kwamba maneno yaliyosikika yalitoka namba moja, na aliyekuwa ameketi hapo ni mwenyekiti.

Kisha sauti ya kikohozi.

"Mwenyekiti wa tano huyo," binti alininong'oneza, na machozi yakamlengalenga.

Walijadiliana hadi saa sita kasoro. Katibu ndiye aliyetoka kuusoma uamuzi, na aliusoma vibaya, akiruka maneno na kuyarudia. Kwa kuwa maneno ya mwenyekiti yamethibitishwa, sahihi ya kuifunga zahanati imesimamishwa na kikao cha maoni kitarudiwa baada ya wiki tatu, mwenyekiti asikiongoze. Na kwa kuwa fundi wa sauti amekiri uzembe kwa maandishi yake mwenyewe, kazi yake imesitishwa kuanzia leo.

"Nilikuandikia sentensi mbili tu, dada," alisema katibu alipomaliza.

"Najua, kaka. Zilikuwa nzuri. Hazikuwa zangu."

Binti alitaka kupiga kelele. Mama yake akamshika mkono, akamwambia atangulie nyumbani, ana kichwa cha mtu kinamsubiri, asimwache mwanamke wa watu na nusu ya nywele. Binti akaondoka akilia na kucheka kwa pamoja.

Fundi hakuwa na vitu vingi vya kukusanya. Mto, bisibisi mbili, kikombe, kipande cha penseli. Hedifoni aliziacha, za baraza. Alinionyesha namba za maiki zote, akaniambia fundi wa muda hataweza kuja kabla ya wiki ijayo, hivyo sitakuwa na mtu kibandani.

"Nitazungumzia wapi, jukwaani?"

"Popote. Zote nimezifikisha kwenye mstari."

"Nataka kutumia namba sita."

Alinitazama, safari hii kwa muda kidogo. Akasukuma kishikio cha sita mpaka kwenye penseli, akakiacha. Namba moja akaishusha hadi mwisho, na akaigusa tena kuhakikisha.

"Ukiketi, hakuna atakayekufungia," alisema. "Chunga mdomo wako."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na maneno mengi, katika lugha zote nne, na nikakumbuka alivyonitazama Jumanne.

"Hila ya skrubu ni ile ile?" niliuliza. "Juu kwanza, kisha kinyume?"

"Juu kwanza. Lakini ina mkono wake."

Saa tisa kasoro watu walikuwa wameanza kuingia, wachache, wengine wakiwa wamekuja kumtazama mwenyekiti na si kunisikiliza mimi. Nilisimama mbele ya namba sita. Ilikuwa bado imeshushwa kwa kimo cha yule bibi, inanifika kifuani. Niliisukuma juu, nikazungusha kinyume. Haikutii. Katibu akaja kusaidia, akajaribu, akakwaruza kidole. Kupitia mlango uliokuwa wazi maiki ilikuwa ikichukua kila kitu, hata sauti za getini, nazo zikaja hadi darini.

"Simama hapo," ilikuwa sauti ya mlinzi. "Amri mpya. Anayetoka anakaguliwa begi."

"Kagua, shemeji," alijibu fundi. "Usije ukaambiwa nimeiba sauti ya mwenyekiti."

Watu ukumbini wakacheka, wakageuka kutazama. Mlinzi naye alicheka, tukasikia zipu ikifunguliwa, zipu ikifungwa, na mlinzi akiuliza kwa sauti iliyoshuka, "Na chai yangu sasa?"

"Njoo nyumbani. Kule bado nina kazi ya kuipika."

Kisha viatu vyake kwenye changarawe, kimoja baada ya kingine, mpaka maiki ikashindwa kuvifikia. Katibu aliendelea kupigana na skrubu. Nikamwambia aiache ilivyo.